Ukishinda tu, umeshasamehewa

Sina shida na mtu kupewa nafasi ya pili, nasema mapema kabla hamjanirukia. Shida yangu ni haya makampuni yanajifanya masheikh na mapadri, yanamsamehe mtu kwa niaba yetu halafu yanatuuzia viatu.

Mchukue Michael Vick wa NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani. 2007 alikiri mahakamani kuhusika na biashara ya kupiganisha mbwa huko Virginia, na mbwa walioonekana goigoi walinyongwa, wengine wakazamishwa majini mpaka wakafa. Nike wakavunja mkataba fasta, jamaa akaenda jela, akatoka 2009 timu ya Eagles wakambeba. Sasa angalia hapa, Nike hawakumrudia kipindi kile katoka kafilisika hana mbele wala nyuma, wakati hela ya udhamini ingekuwa na maana kweli, walisubiri kwanza awashe moto msimu wa 2010 mpaka apewe tuzo ya mchezaji aliyerudi vizuri kuliko wote, ndo Julai 2011 wakaja na kalamu, eti wanaunga mkono mabadiliko aliyoyafanya. Mabadiliko gani, ya tabia au ya uwanjani? Maana kuzunguka kuongea na vijana kuhusu ukatili kwa wanyama alianza tangu 2009 na hawakushtuka. Na ile karibu dola milioni 1 ya kuwatunza mbwa waliookolewa, Vick alibanwa na mahakama kuitoa, hakuna mdhamini aliyejitokeza.

Bora hata 2013, Tiger Woods wa gofu aliporudi namba moja duniani baada ya skendo yake ya wanawake, Nike wakatoa tangazo kwamba ukishinda, kila kitu kinakaa sawa. Watu walichukia balaa. Mimi nikasema angalau leo mmetoa la moyoni.

Haya, njoo Kenya. Rita Jeptoo, mkimbiaji wa marathon, alikutwa na EPO, dawa haramu ya kuongeza damu, 2014, akafungiwa miaka 2, Oktoba 2016 CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, wakaifanya 4. Mwaka huohuo wa 2016 mcheza tenisi Maria Sharapova alikutwa na meldonium, dawa nyingine iliyopigwa marufuku, Nike wakamweka pembeni Machi, Juni wakasema tunaendelea naye. Najua kesi hazifanani, jopo la tenisi lilisema hakukusudia, sawa. Ila Sharapova sura yake inauza hata asipocheza, Jeptoo hata akishinda marathon ya Boston wanunuzi wa viatu kule Marekani hawamjui kwa sura, sasa nani atatoa hela ya kumsafisha?