Kichwa cha Mtoto wa Kirumi: Uchungu wa Mzazi au Fahari ya Ukoo?

Katika makumbusho za Ulaya kuna vichwa vingi vya watoto vilivyochongwa kwa marumaru enzi za dola ya Roma. Mashavu yamejaa, midomo imefumbwa. Vingine vina kishungi cha nywele upande wa kulia, alama ya mtoto aliyewekwa chini ya ulinzi wa Isis, mungu wa kike mwenye asili ya Misri. Vingi ni kumbukumbu za watoto waliofariki. Je, vilichongwa kwa uchungu au kwa kutafuta sifa?

Wanaoona uchungu wana shahidi mzito. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaisari, anasimulia kwamba mtoto mmoja wa Germanicus, jemadari wa ukoo wa kifalme, alipofariki, Livia, mke wa Kaisari Augustus, aliweka sanamu ya mtoto huyo katika hekalu la Venus, mungu wa mapenzi, pale Capitolium, kilima kitakatifu cha Roma. Augustus mwenyewe, ambaye marehemu alikuwa kitukuu chake, aliweka nyingine chumbani mwake, na kila alipoingia aliibusu. Chumbani hakuna wa kumpigia makofi.

Upande wa pili yuko Pliny, mwanasiasa wa Kirumi anayejulikana kwa barua zake. Anaeleza jinsi Regulus, wakili tajiri, alivyofiwa na mwanawe akaagiza picha na sanamu zake kwa rangi, nta, shaba, fedha, dhahabu, pembe za ndovu na marumaru. Pliny anasema huo haukuwa msiba bali maonyesho ya msiba. Lakini Pliny alimchukia Regulus waziwazi, na mimi siwezi kumwachia adui apime machozi ya mtu.

Hata hivyo, hoja ya fahari haifi kwa sababu hiyo. Marumaru ilikuwa ghali; maskini waliozika watoto wao bila sanamu waliwapenda vilevile.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Quintus Sulpicius Maximus, aliyeshindana kutunga mashairi ya Kigiriki mjini Roma mwaka 94 BK na kufariki akiwa na miaka 11. Wazazi wake walimjengea kaburi lenye sanamu yake, wakachonga humo mashairi yale ili wapita njia wayasome. Ni fahari, tena ya hadharani. Lakini wangekuwa wanatafuta sifa zao tu, wangejaza jiwe kwa majina na mali zao. Wao walimwachia mtoto nafasi aendelee kusema.

Hilo tunalijua kwa sababu maandishi yamebaki pamoja na sanamu. Kichwa kilichovunjwa shingoni, kikauzwa mbali na kaburi lake, kimepoteza ushahidi huo. Makumbusho ikikiandikia kibao cha “mtoto mpendwa” au “mwana wa tajiri”, inakisia tu.