Yaacheni Mawe Chini ya Mboji

Wageni wengi wanaofika Céide Fields, kaskazini mwa kaunti ya Mayo nchini Ireland, huondoka wakinung'unika kwamba hakuna cha kuangalia. Si uongo. Wamelipa kiingilio, upepo wa Atlantiki umewachapa mashavu, na mbele yao kuna mteremko wa majani ya kahawia na madimbwi meusi. Kuta za mawe walizozifuata zimo chini ya miguu yao, zimefunikwa na mboji, yaani tabaka nene la mimea iliyokufa bila kuoza ikaisha, kwingine kwa kina kinachofika mita nne, na huko ndiko zitakakobaki. Mimi nasema hapo ndipo penye utamu wenyewe, na mabaki mengi zaidi ya kale yangetunzwa hivyohivyo.

Hakuna aliyezizika kuta hizo. Kwa tarehe zinazokubaliwa na wengi, kati ya mwaka 3700 na 3200 KK wakulima walifyeka msitu, wakagawa malisho ya ng'ombe kwa kuta, wakajenga na makaburi ya mawe makubwa katikati ya mashamba yao. Kisha ardhi ikalowa. Mvua ya pale haina msimu, maji hayana pa kwenda na hewa haipenyi, kwa hiyo mmea ukifa hauozi ukaisha. Unalaliwa na mwingine, na huo nao unalaliwa na mwingine. Mboji huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, na baada ya miaka elfu kadhaa shamba zima limefunikwa.

Aliyeanza kuligundua hakuwa mtaalamu. Patrick Caulfield alikuwa mwalimu wa shule kijijini Belderrig, na miaka ya 1930, kama majirani zake, alikuwa akikata mboji ya kuwasha jikoni, maana ikikaushwa huwaka kama kuni. Sepeto likawa linagonga mawe. Wengine nao waliyagonga, lakini yeye aliona mambo mawili: mawe yamepangwa, na yamekaa juu ya udongo wa zamani, chini kabisa ya mboji. Maana yake aliyeyapanga alikuwapo kabla mboji haijaanza kuota. Akaandika barua Makumbusho ya Taifa, Dublin. Ilipita miongo kabla ya kazi kuanza kwa dhati, na aliyeifanya ni mwanawe, Seamas, aliyekuwa amesomea akiolojia.

Kazi yenyewe ndiyo inayonifurahisha. Kufukua zaidi ya hekta elfu moja kungemaliza pesa na umri wa kila mtu, kwa hiyo wakachukua chuma kirefu chembamba chenye mpini wa kushikia kwa mikono miwili. Nimewahi kukishika. Unakisimamisha wima, unakisukuma, nacho kinazama kama mwiko kwenye uji mzito, hadi ghafla mpini unakurudishia mtikisiko mkavu viganjani: jiwe. Unabana kidole pale chuma kinapogusana na majani, unakichomoa, unapima. Unasogea hatua moja pembeni, safari hii kinashuka zaidi na kusimama bila kelele kwenye udongo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kimo cha ukuta. Palipo na jiwe unachomeka kijiti cha mwanzi. Vijiti vikishakuwa vingi, ukiinua macho unauona ukuta unapanda mlima, na hakuna tonge la mboji lililoondolewa. Kwa njia hiyo zimechorwa kuta ambazo ukiziunga zinapita kilomita 100.

Sasa linganisha na Callanish, duara la mawe marefu ya kale yaliyosimamishwa kisiwani Lewis, Scotland. Kisiwa kizima kilinunuliwa mwaka 1844 na James Matheson, bwana aliyetajirikia kwenye biashara ya kasumba huko China. Mwaka 1857 akaamuru mboji iondolewe kwenye duara hilo, lililokuwa limezama karibu mita moja na nusu. Ikabebwa. Mawe yakarefuka, lile la katikati likaonekana kimo chake chote cha karibu mita tano, na kando yake likafichuka kaburi dogo ambalo halikuwa likijulikana. Sikatai, ni pazuri mno, na jua likiwa chini mawe yale yanakufanya unyamaze. Lakini ile mita moja na nusu ilikuwa kumbukumbu. Ndani ya mboji hukaa chavua ya kila mwaka, majivu ya mioto, vipande vya miti, vyote vikiwa vimepangana kwa zamu. Wanaakiolojia waliochimba hapo mwaka 1980 na 1981 walifanikiwa kuonyesha kwamba duara lilitangulia na kaburi likafuata, ila mboji ya Matheson haikuwapo tena ya kuulizwa chochote.

Na maswali huja yakiwa yamechelewa. Céide yenyewe ina ubishi sasa: wapo watafiti wanaodai kuta zile si za kale kiasi hicho, kwamba ni za zama za shaba nyeusi. Sijui nani atashinda (mimi niko upande wa familia ya Caulfield, labda kwa mapenzi tu), ila najua ubishi huo unaweza kuamuliwa kwa sababu mboji iko pale pale, pamoja na visiki vya misonobari iliyoota juu yake. Wangekuwa wamefukua kila kitu ili watalii wapige picha, tungebaki kubishana kwa mdomo.

Nitaambiwa mboji si sanduku la benki. Ni kweli: asidi yake huila mifupa, na ikishatobolewa mitaro hukauka, hupasuka na kuoza, halafu kaboni yote iliyolala humo hupanda hewani. Kusini kidogo mwa Céide, Bellacorick, kituo cha umeme kilichoma mboji kuanzia 1962 hadi 2005, na mashine zinazokwangua eneo kubwa kwa mkupuo hazina mkono wa kusikia jiwe. Kwa hiyo ninaposema yaacheni, simaanishi kukaa tu. Namaanisha mitaro izibwe na maji yarudi, na pesa ziende huko kabla ya kwenda kwenye chumba kingine cha maonyesho.

Lipo jambo moja gumu zaidi. Tangu mwishoni mwa 2022 Ireland imebana uuzaji wa mboji ya kuni, ingawa mwenye haki ya kukata kwa matumizi ya nyumbani bado anaruhusiwa. Sera naiunga mkono. Lakini maeneo kama haya yamekuwa yakigunduliwa na watu wenye sepeto mkononi. Hata Beaghmore, kaunti ya Tyrone, pale penye duara lililojazwa vijiwe zaidi ya 800, palifichuliwa na wakata mboji. Mzee anayegonga mawe yaliyopangwa leo ana kila sababu ya kuyafunika na kunyamaza, maana akisema anaweza kufungiwa sehemu yake ya kuni na baridi iko mlangoni. Mtu huyo alipwe kuni za msimu mzima kwanza, ndipo aulizwe aliyagonga wapi.