Ile Ilikuwa Iodini

Naandika haya kwa sababu hadi leo asubuhi watu kumi na mmoja wameshaniuliza, akiwemo shemeji yangu wa Kibosho, kama ni kweli nimejikojolea Nepal. Aliyeisambaza kwenye kundi la wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, mnamjua, simtaji. Nilimkopesha buti msimu mzima Machame, haya ndiyo malipo. Sasa sikilizeni na upande wangu.

Kwanza mjue kule Annapurna, milima ya Nepal, hakuna mgumu wa kukubebea maji kutoka kambi ya Karanga kukupeleka kambi ya Barafu kama kwetu Kilimanjaro. Unalala kwenye nyumba za wenyeji, na baadhi ya vijiji vina kituo cha maji ya kunywa. Wanaokiendesha ni kinamama wa pale pale: wanasafisha maji kwa mtambo wa ozoni, gesi inayoua vijidudu, unaleta chupa yako, unalipa kidogo, unajaziwa. Mradi wa hifadhi uliwaanzishia kwa msaada wa New Zealand, chupa za plastiki zilikuwa zimeshageuza mlima jalala. Na maji yenyewe meupe, hayanuki, maana ozoni ikishamaliza kazi yake inarudi kuwa oksijeni. Hapo kwenye meupe pashikeni, tutaparudia.

Tukafika Manang, mita 3,540. Mama wa kituo akapokea chupa yangu, ile laini ya soda, akaibonyeza. Ikalia kraa. Akajaribu kifuniko, akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole kwenye chupa ngumu za wenzangu. Mimi, niliyefika kilele cha Uhuru mara ambazo nimeacha kuhesabu, nikamgeukia rafiki yangu: "Huyu mama anataka kunifundisha maji mimi?" Nikaenda kijitoni nikajaza bure, nikatoa kichupa changu cha iodini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, ya kahawia, ndugu yake ile ya kupaka vidonda. Kinachotakiwa ni matone machache. Nikamimina kama naunga mchuzi. Maji yakawa na rangi ya... mshaelewa.

Kesho yake jioni tuko Thorong Phedi, kituo cha kulala kabla ya kuvuka mlima, baridi ya kung'oa meno. Kila nikiwa Barafu huwa nawahubiria wageni: chupa lala nayo kwenye slipingi begi isigande. Basi nikajihubiria mwenyewe, nikaibana katikati ya mapaja. Halafu nilikuwa nimemeza Diamox, kidonge cha kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na wenzangu wa mlimani mnajua kidonge kile kinavyompeleka mtu chooni.

Saa nane usiku nilikuwa naota niko Moshi, jua la mchana, nimejilaza kwenye mkeka. Joto likaanzia mapajani, likapanda tumboni taratibu, likashuka magotini. Raha. Nikatabasamu. Nakumbuka kabisa kwamba nilitabasamu.

Kisha joto likaanza kupoa.

Nikafungua macho gizani, sikujitikisa. Nikapeleka mkono. Chepechepe. Nikautoa, nikasubiri kidogo, nikaupeleka tena, huenda mara ya kwanza ulikosea. Chepechepe vile vile. Nikaanza kujihoji kama polisi: chooni umekwenda saa ngapi? Saa tatu. Diamox ngapi? Moja. Mara ya mwisho kitu hiki kukutokea? Darasa la pili. Na kwa kuwa tumeshafika hapa acha niseme tu: kwa dakika nzima mimi mwenyewe niliamini. (Wewe unayecheka kwa herufi kubwa, nakuona.)

Kilichoniponza ni kutafuta ushahidi. Nikapiga magoti kitandani, suruali ya ndani iliyokuwa nyeupe imeshakuwa njano hadi magotini, nikashika pembe ya slipingi begi nikaipeleka puani.

Ndipo taa ya kichwa ikawaka kitanda cha pili.

Ikanimulika usoni. Ikashuka. Ikakaa pale pale kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza chai. Ikapanda tena usoni.

"Kaka," akasema kwa sauti ya msibani, "yanatokea."

"Ni iodini!"

"Sawa, kaka."

"Chupa imevuja!"

"Si nimesema sawa?"

Mengine ni haraka haraka. Tuliondoka saa kumi. Mama mwenye nyumba aliliona doa, akanishika mkono kwa upole akanionyesha tena choo kilipo, kama mtoto mgeni. Slipingi begi, la kukodi Kathmandu jamani, likaganda kama bati. Nikalifunga nje ya begi, doa likawaangalia walionifuata hadi Thorong La, pale juu pa kuvukia mlima, mita 5,416. Ile picha mnayoforwadiana, yenye bendera za maombi na ya kwangu moja ya njano, ndiyo hiyo.

Ila sehemu ambayo msambazaji wenu hakuwatumia ni ya Muktinath, ng'ambo ya pili ya mlima. Nesi mmoja, mpanda mlima, aliposikia habari zangu (alizisikia kabla sijafika) akaomba chupa yangu, mabaki yalikuwa bado yamo. Akatumbukiza kidonge cha vitamini C, akatikisa. Njano yote ikayeyuka, maji yakawa meupe kama ya kina mama wa Manang. Akakoroga kingine kwenye kikombe, akanyunyizia lile doa. Likafifia, likapotea, watu wanashuhudia. Watu wakapiga makofi. Kuna mkojo unafanya hivyo?

Nikamgeukia rafiki yangu: "Umerekodi?"

Akaangalia simu yake.

"Chaji iliisha, kaka."