Patrick van Rensburg na swali la nani amlipie mwanagenzi

Nikimtaja marehemu Patrick van Rensburg mbele ya walimu wenzangu wa ufundi, wengi hawamjui. Nikiwaeleza kwamba kule Botswana alianzisha mafunzo ambayo vijana walijifunza ufundi kwa kuzalisha na kuuza, na mauzo yakalipia mafunzo yenyewe, jibu huja haraka: "Hiyo tulishafanya. Tulilima." Na mazungumzo yanaishia hapo.

Jibu hilo limenisumbua tangu alipofariki mwaka 2017. Lina ukweli ndani yake, na bado halimtendei haki. Waliolima shamba la shule wana sababu ya kuwa na wasiwasi na mtu yeyote anayesema mtoto afanye kazi ili asome. Lakini kilichotokea katika mji wa Serowe, Botswana, miaka ya sitini hakikuwa kilimo chetu cha Ijumaa mchana, na tofauti kati ya vitu hivyo viwili ndiyo inayotuhusu sasa, wakati sera yetu ya elimu Tanzania imefungua mkondo wa amali, yaani wa ufundi, katika sekondari na kila wilaya inauliza fedha za karakana zitatoka wapi.

Van Rensburg alizaliwa Durban mwaka 1931. Alikuwa mtumishi wa serikali ya Afrika Kusini, makamu wa konseli mjini Léopoldville katika Kongo ya Wabelgiji, na mwaka 1957 alijiuzulu kwa sababu hakuweza tena kuusemea ubaguzi wa rangi. Akaingia katika siasa za upinzani, akashiriki London kuanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, akanyang'anywa pasi ya kusafiria, akakimbia. Mwaka 1962 yeye na mkewe wakafika Bechuanaland, nchi ambayo miaka minne baadaye ingekuwa Botswana huru, wakakaa Serowe, mji mkubwa wa Wabangwato, mojawapo ya makabila ya Watswana.

Mwaka 1963 wakafungua sekondari ya Swaneng Hill. Hela hazikuwapo, kwa hiyo wanafunzi, walimu na waliojitolea walijenga madarasa kwa mikono yao. Habari hiyo ndiyo hupendwa kusimuliwa, na ni nzuri, lakini kwangu siyo kiini. Kiini kilikuja mwaka 1965. Swaneng ilikuwa na nafasi chache, na nje ya uzio wake walibaki vijana waliomaliza shule ya msingi, wamefaulu au wamefeli, hawana pa kwenda. Kwa ajili yao kikaanzishwa kikosi cha wajenzi, walichokiita brigedi. Vijana walitumia sehemu kubwa ya wiki wakijenga chini ya fundi, na sehemu ndogo darasani wakisoma hesabu, Kiingereza na michoro. Majengo yaliuzwa kwa walioyaagiza. Baada ya wajenzi zikaja brigedi nyingine, za useremala, za kilimo, za ufumaji, na mfumo ukasambaa katika miji na vijiji vingine vya nchi.

Nataka nikae kwenye neno moja: kujilipia. Wachambuzi wengi huliona kama jambo la uhasibu tu, kwamba serikali maskini haikuwa na hela na brigedi zikaiokoa. Anayefundisha karakana analiona kwa macho mengine.

Chukua darasa la useremala lenye wanafunzi 20 katika chuo kinachopewa mbao kwa fungu la bajeti. Fungu likifika, kila mwanafunzi anapata kipande cha kufanyia zoezi la kiungo cha ulimi na tundu. Anakata, anachonga, anaunga, mwalimu anatia alama, halafu kipande kinaishia stoo au jikoni. Mwezi unaofuata mbao hazipo. Mwalimu anachora kiungo kingine ubaoni na wanafunzi wananakili kwenye daftari. Nimeliona darasa la namna hiyo zaidi ya mara moja, na wanafunzi walikuwa na michoro safi mno. Mkono wa fundi haujengwi na michoro. Unajengwa na kurudia, mara mia, mara mia mbili, mpaka patasi iingie bila kufikiri. Na idadi ya marudio hayo inapangwa na kitu kimoja kisichoandikwa kwenye mtaala wowote: wingi wa mbao.

Sasa weka mteja mwishoni mwa darasa hilo. Kila ubao unakuwa mlango au meza, mlango unauzwa, hela inanunua ubao mwingine. Mwanafunzi haishiwi mbao mpaka wateja waishe. Tena mlango ule lazima ufunge. Zoezi la darasani likipata alama 60 kati ya 100 mwanafunzi amefaulu, lakini mlango wa alama 60 hurudishwa na mwenyewe, pengine kwa maneno makali. Kijana anajifunza kupima mara mbili na kutunza muda, anajifunza kukadiria bei bila kujipunja, na anajifunza kuongea na mtu mwenye hela yake. Mambo hayo tunayatafuta leo kwa semina za ujasiriamali za siku tatu. Katika brigedi yalikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Lipo na jambo la ukubwa. Kama kumfundisha fundi mmoja kunategemea ruzuku, basi idadi ya mafundi inaishia pale ruzuku inapoishia, na wanaobaki nje ni walewale wanaobaki nje kila siku. Hesabu hii Van Rensburg aliifanya mapema na hakuiacha. Shule nzuri kwa wachache ilimtia uchungu kuliko kutokuwa na shule. Alitaka mafunzo yanayoweza kuongezeka bila kusubiri hazina ya serikali iongezeke, kwa sababu watoto hawasubiri.

Turudi kwenye lile jibu la walimu wenzangu. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, miaka minne baada ya Swaneng, na mawazo yale ni ndugu: shule iwe sehemu ya jamii, mikono na akili visitenganishwe, shule ichangie gharama zake. Wengi wetu tuliyakuta yakiwa yamegeuka jembe. Katika shule niliyosoma tulilima mahindi, tukabeba maji, tukafagia, na sikumbuki hata siku moja tulipoonyeshwa daftari la mapato. Mahindi yalivunwa, yakaondoka. Hatukujua gunia liliuzwa kiasi gani wala kilinunuliwa nini. Wala hatukufundishwa kilimo: hakuna aliyetueleza nafasi kati ya shina na shina, wala mbolea ya kukuzia, wala kwa nini upande mmoja wa shamba ulizaa kuliko mwingine. Ilikuwa kazi bila somo na bila hesabu. Anayekumbuka hayo ana haki ya kukunja uso.

Katika wazo la brigedi kazi ndiyo ilikuwa somo, na hesabu ilikuwa sehemu ya mafunzo. Ukiondoa hayo mawili, kinachobaki ni utumishi wa bure, haijalishi umeupa jina gani.

Lakini wapinzani wa Van Rensburg hawakuwa watu wa kupuuzwa, na baadhi ya hoja zao sijaweza kuzijibu mpaka leo.

Ya kwanza ni ya historia. Afrika Kusini alikotoka Van Rensburg ilikuwa imepitisha mwaka 1953 sheria ya Elimu ya Bantu, iliyolenga waziwazi kumfundisha mtoto mweusi kiasi cha kumtumikia mzungu na si zaidi. Kabla ya hapo, kote katika makoloni, "elimu ya kazi za mikono" ilikuwa jina la heshima la elimu pungufu. Mzazi wa Serowe aliyeona mtoto wa chifu akienda kusoma Kilatini na wa kwake akipelekwa kufyatua tofali alikuwa na kila sababu ya kuuliza: je, hiki ni kitu kingine au ni kilekile? Nia njema ya mwalimu haimtoshi mzazi. Mzazi anaangalia nani anakaa ofisini miaka 20 baadaye, na kwa macho hayo alikuwa sahihi kuliko wanasiasa wengi.

Hoja ya pili aliitoa msomi wa elimu Philip Foster mwaka 1965, mwaka uleule wa brigedi ya kwanza, baada ya utafiti wake Ghana. Alisema wanafunzi hawaukimbii ufundi kwa sababu ya mtaala. Wanaukimbia kwa sababu mishahara na heshima viko kwenye kazi za ofisini, na kubadili masomo bila kubadili soko la ajira ni kujidanganya. Naikubali kwa sehemu kubwa. Swaneng yenyewe iliithibitisha: wanafunzi wa sekondari, waliojengewa moyo wa kujitolea, walizidi kuiona kazi ya mikono kama adhabu iliyosimama kati yao na cheti. Van Rensburg aliliona hilo na hakulificha. Ndiyo maana nguvu zake nyingi zikahamia kwenye brigedi, na mwaka 1969 kwenye Boiteko, mradi wa wanakijiji watu wazima kuzalisha pamoja. Mwandishi Bessie Head, mkimbizi mwenzake kutoka Afrika Kusini, alifanya kazi katika bustani ya Boiteko, na alipoandika historia ya Serowe alimpa Van Rensburg nafasi kando ya watawala wa Wabangwato, Khama Mkuu na Tshekedi Khama. Kwa mgeni asiye na damu ya kichifu, hiyo si sifa ndogo.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza, kwa kuwa inatoka ndani ya karakana. Mauzo yakilipia mafunzo, siku ya shida mauzo hushinda mafunzo. Oda ya madirisha 40 ikiingia, kijana aliyekwisha kujua kukata atakata wiki nzima, na yule asiyejua hatapewa msumeno, kwa sababu ataharibu. Meneja anayepigiwa simu na mteja hana subira ya mwalimu. Brigedi ziliishi na mvutano huo miaka yote, na nyingine ziliyumba kifedha kwa sababu kuendesha biashara ni ufundi wa peke yake. Walioandika kwamba kujilipia kikamilifu ni mzigo mzito mno kwa taasisi ya mafunzo, nadhani walikuwa sahihi. Hapo Van Rensburg alitaka mengi kupita uwezo wa karakana.

Hata hivyo, inavyosimuliwa mara nyingi ni kana kwamba brigedi zilishindwa na udhaifu wao wenyewe, na simulizi hiyo inasahau almasi. Mwaka 1967 almasi ziligunduliwa Orapa, nchini Botswana, na mgodi ukaanza kazi mwaka 1971. Nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani wakati wa uhuru ikawa na hela za kujenga sekondari na kuajiri. Serikali yenye hela haina haja ya shule inayojilipia, na kijana mwenye nafasi ya sekondari haoni sababu ya kubeba tofali. Brigedi zikaingia polepole katika mikono ya serikali, zikawa vyuo vya ufundi kama vyuo vingine, vyenye ruzuku, mitihani na walimu wa mshahara. Mengi yaliboreka, vyeti vikatambulika nchi nzima. Mteja akasogea mbali.

Kwetu hakuna Orapa. Ndiyo maana nasema kwamba uzoefu wa Botswana kabla ya almasi unatufaa kuliko wa Botswana baada ya almasi. Baraza la Makanisa la Kenya liliuliza swali hilohilo la mtoto aliyebaki nje mwaka 1966, na hapo zikazaliwa politekniki za vijijini. Zimbabwe, baada ya uhuru, iliunda mwaka 1981 taasisi yake ya elimu na uzalishaji, mwaka uleule ambao Van Rensburg alipewa tuzo ya Right Livelihood. Wote walikuwa wakitafuta jibu katika nchi zisizo na hela za kutosha. Hali hiyo ndiyo yetu.

Msimamo wangu basi ni huu. Karakana za amali zisiachiwe zijitafutie kila shilingi, kwa sababu hoja ya tatu ni ya kweli na itawafanya vijana vibarua. Mishahara ya walimu, majengo na mashine ni wajibu wa serikali. Lakini mbao, vyuma, nyaya na saruji, yaani vitu vinavyoishia mikononi mwa mwanafunzi, vitoke kwenye mauzo, na mauzo yabaki kwenye karakana iliyozalisha. Madawati ya shule za jirani yatengenezwe hapo, kwa bei inayojulikana. Na daftari la mapato libandikwe ukutani pale wanafunzi wanapoliona, waandike wao wenyewe kwa zamu: ubao umenunuliwa kiasi gani, dawati limeuzwa kiasi gani, kilichobaki kimeenda wapi.

Najua hilo la daftari ndilo litakalopata upinzani mkubwa, na halitatoka kwa wazazi. Litapingwa na sisi tulio ofisini, tuliozoea kwamba fedha za mradi wa shule ni habari ya mkuu na mhasibu. Nimewahi kupendekeza jambo hilo kwenye kikao, nikaulizwa wanafunzi wanahusikaje na hesabu za chuo. Nikajibu kwamba madirisha yale waliyatengeneza wao. Kikao kikaendelea na ajenda iliyofuata.