Malipo Yako Hayajapokelewa

Najua mshaipata ile voisi ya jamaa wangu wa spika za muziki, kwamba nilinunuliwa na wapinzani wa mheshimiwa nikamwaibishe kanisani. Ameisambaza kila grupu, hata ile ya wazazi wa shule, na anacheka kabla stori haijafika katikati. Wadau, sikununuliwa na mtu. Ningekuwa nimenunuliwa, haya yote yasingetokea, maana ningekuwa na shilingi 650 kwenye simu.

Kwa wale mmeingia juzi: mimi hupiga picha na kurusha sherehe mubashara. Ofisi iko Kondele, Kisumu, na ofisi yenyewe ni begi. Jumamosi tulikuwa Luanda kule Vihiga, harambee ya kumalizia paa la kanisa. Kazi ilikuwa kuonyesha mambo kwenye skrini kubwa pale mbele, na kuwarushia walioko Marekani ili watume chao.

Sasa, kamera. Nilishaimaliza kuilipia, risiti ninayo. Ina lenzi, ina tundu la USB, haina deni la mtu. Lakini ukitaka laptopu iitambue kama kamera ya mubashara, sharti upitie programu ya hao hao walioitengeneza. Ya bure inakupa picha ya 720, mchungaji anaonekana ukungu mtupu. Ukitaka 1080, picha safi, utoe dola 5, ndiyo zile shilingi 650. Kila mwezi! Kumbe siku ile nilinunua mwili tu, roho ni ya kukodi.

(Na msiseme nalalamika peke yangu. BMW mwaka 2022 walianza kutoza watu wa Korea Kusini dola 18 kwa mwezi ili kiti cha gari kipate joto, na kifaa cha joto tayari kiko ndani ya kiti. Watu wakapiga kelele, 2023 wakaacha. Sisi wa Kisumu tungelipa kiti kipoe. Sony nao 2024 walileta leseni ya dola 149 ya kujiwekea mistari yako mwenyewe ya kupangia picha kwenye skrini ya kamera. Mistari, wadau! Na simu ya Pixel 6 kuendelea yenye Android 14 unaichomeka kwa waya, unachagua iwe kamera, inakuwa kamera ya laptopu, haikuombi hata senti.)

Hiyo ada yangu ya programu hukatwa kwenye kadi ya malipo iliyo kwenye simu. Usiku wa kuamkia harambee ndiyo ilikuwa tarehe. Deposit ya kanisa iliingia jioni, mkopo wa simu ukaipokea mlangoni, kikabaki cha kununua mandazi. Programu ikajaribu kukata, ikakosa, ikanyamaza. Asubuhi ikawaka vizuri kabisa. Nadhani ilikuwa inangoja watu wajae.

Na mjue pale tulipokuwa tumekaa. Nusu ya kanisa ina mabati, nusu ina turubai. Hiyo nusu ya turubai ndiyo mheshimiwa aliahidi kuiezeka kwenye harambee iliyopita, akapigiwa makofi, akapewa kuku. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza. Watu wana heshima zao.

Basi akasimama. Akashika maiki, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno."

Skrini nyuma yake ikawa nyeusi. Katikati likatokea boksi jeupe, limetulia, maandishi makubwa kama ya bango la kampeni. Kwa sababu nilikuwa nimerusha laptopu nzima kwenye projekta, kilichotokea kwangu kikatokea kwa kanisa zima. Hakuna aliyepumua. Kisha mtoto mmoja wa Gredi 6 pale mbele, wale wa kusoma kwa sauti ili mama ajue ada ya shule haipotei, akayatafsiri neno kwa neno: "Malipo yako… hayajapokelewa. Tafadhali lipa… ili uendelee… kuhudumiwa."

Mama yake akamziba mdomo, lakini mwishoni kabisa.

Mheshimiwa akageuka. Akasoma. Akatazama turubai. Turubai, nalo halina adabu, likapigwa na upepo, paa!

Mimi nashika mausi, mkono umelowa. Chini ya boksi kuna vitufe viwili: "Lipa Sasa" na "Nikumbushe Baadaye". Na ule mshale wangu uko kwenye skrini kubwa, unatetemeka, umati mzima unaufuata kwa macho. Nikipeleka kushoto, mzee mmoja anasema, "Ehee, hapo hapo." Nikirudisha kulia, akina mama wanaguna. Nikibonyeza kulipa kadi itakataliwa tena, na safari hii kwa maandishi mekundu. Kwaya ikaanza polepole, halafu kanisa likaitikia: "Lipa sasa! Lipa sasa!" Naapa sijui walikuwa wanamwambia nani kati yetu wawili.

Nikabonyeza "Nikumbushe Baadaye".

Wadau. Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka steji ya Maseno. Mzee akaanguka na kiti cha plastiki. Mchungaji alifunika uso na Biblia, mabega yanacheza. Jamaa wa spika, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga wimbo haraka kufunika aibu, alikuwa amelala juu ya miksa.

Mengine mnayajua. Nikachomoa waya, nikamalizia na simu yangu, Marekani wakaona harambee imesimama wima. Mheshimiwa akampigia mtu hapo hapo, Jumanne lori la mabati likafika, akapiga nalo picha, na si mimi niliyempiga. Salio langu bado "linashughulikiwa".

Jana Mama Mchungaji akanipigia. Nikajua ni salio.

"Kijana wangu, hujambo? Mwezi ujao tunajenga ukuta. Kuna mgeni mwingine tunamwalika, yule wa mifuko ya saruji. Sasa nauliza, yale maandishi yako, yanaweza kutokea tena?"

Nimemwambia, mama, hiyo ni huduma ya ziada.