Bukavu: uzito wa vigezo upangwe kabla ya bahasha kufunguliwa

Kamati ya wazazi inayotaka kujenga madarasa huko Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, ina njia mbili za kumpata mkandarasi. Ya kwanza tunaijua: bei ya chini inashinda, au anashinda aliyemjengea shemeji wa mwenyekiti. Ya pili ni ya hesabu: kila kigezo kinapewa uzito, kila mkandarasi anapewa alama, jumla inaamua. Mojawapo ya mbinu za hesabu za aina hiyo, AHP (Analytic Hierarchy Process), ilibuniwa na mwanahisabati Thomas Saaty miaka ya 1970. Inalinganisha vigezo viwili viwili kwa ngazi ya 1 hadi 9, na inafichua pale majibu ya kamati yanapopingana.

Wanaoitilia shaka hesabu wana hoja nzito. Tuseme mkandarasi wa kwanza anataka dola 80,000, wa pili 100,000. Kwa bei wanapata alama 100 na 80. Kwa uzoefu 50 na 90. Kwa vifaa 50 na 70. Bei ikibeba asilimia 50, uzoefu 30 na vifaa 20, wa pili anashinda kwa 81 dhidi ya 75. Bei ikipandishwa hadi 70, uzoefu ukashushwa hadi 20 na vifaa 10, wa kwanza anashinda kwa 85 dhidi ya 81. Wakandarasi ni wale wale. Aliyepanga uzito ndiye aliyechagua.

Kwangu hiyo si sababu ya kuitupa hesabu. Uzito uandikwe na kutiwa sahihi wakati bei bado hazijulikani. Mwenye hila atakosa pa kushika.

Lakini Bukavu ni mji wa miteremko. Mvua inashusha udongo, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha nyumba. Jumla ya alama inaruhusu bei nafuu kufidia ukosefu wa injinia, jambo ambalo mlima hauliruhusu. Asiyeweza kuonyesha ukuta aliojenga mteremkoni ukavumilia misimu kadhaa ya mvua aondolewe kabla ya kuhesabu chochote.

Na wanaosema "huyu tunamjua" wasipuuzwe. Fundi anayerudi nyufa zinapotokea ana thamani ambayo karatasi za zabuni hazionyeshi. Basi kamati itume watu watatu kwa wenye nyumba alizojenga, kila mmoja kwa wakati wake, na aandike alama zake kabla ya kusikia za wenzake.