Mafuta ya Kupima Nayo Yana Ushuru

Wiki hii nimemsikia mwanasiasa mmoja redioni akisema hakuna haja ya kuendelea kubishana kuhusu kupunguza ushuru wa chakula, kwa sababu chakula cha mwananchi wa kawaida hakitozwi VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani. Mtangazaji alimwachia hilo likapita, wakahamia mambo ya uchaguzi. Mimi halijanipita hadi sasa.

Ni kweli, unga wa mahindi, unga wa ngano na mkate wa kawaida havina VAT. Nakubali, ingawa mkate wenyewe uliponea chupuchupu. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulitaka utozwe asilimia 16, na pendekezo hilo liliondolewa Juni 18 vijana wakiwa tayari wanaandamana katikati mwa jiji la Nairobi. Siku hiyo hiyo ndipo ulipotupwa ule ushuru mwingine wa asilimia 25 uliokuwa umelenga mafuta ya mimea.

Sasa mwanasiasa huyu aniambie, sukuma wiki inakaangwa kwa kitu gani?

Mafuta ya kupikia yanatozwa VAT ya asilimia 16. Sukari pia. Ukienda mitaa ya watu wa kipato kidogo kama Kawangware, Mathare au Pipeline jioni, utakuta foleni dukani ya watu wanaopimiwa mafuta ya shilingi 20, wengine ya 10, kwenye kikombe au kichupa walichotoka nacho nyumbani. Ndivyo jiji hili linavyokula: mafuta ya leo, sukari ya leo, nyanya mbili, na kesho Mungu akipenda. Katika kila shilingi 20 ya mafuta hayo, karibu shilingi 2 na senti 75 ni VAT. Risiti haipo, na jina la mnunuzi halimo popote katika mitambo ya KRA, mamlaka ya ushuru, lakini ushuru ameulipa. Ulitozwa mafuta ghafi ya kupikia yalipofika bandarini Mombasa, ukatozwa tena yalipotoka kiwandani, ukasukumwa kutoka kwa msambazaji hadi kwa mwenye duka, na mwenye duka hana wa kumdai amrudishie. Anauweka kwenye bei. Unamwangukia yule mama mwenye kikombe, na yeye hana pa kuusukuma.

Halafu kila mwaka bajeti ikikaribia tunaambiwa kwamba watu wa sekta ya jua kali hawalipi ushuru, kwamba mzigo wote umebebwa na wachache wenye payslipu. Hiki ndicho kinachoniuma. Mtu wa kibarua anayelipwa jioni analipa VAT kabla hata sufuria haijapata moto, na anailipa kila siku ya maisha yake. Msimwambie kwamba hachangii nchi hii.

Wapo wanaosema tukiondoa ushuru kwenye mafuta, watakaofaidi ni watu wa Runda, mtaa wa matajiri, wanaonunua madebe ya lita 20. Kwa shilingi, ni kweli wataokoa zaidi. Lakini wa Runda hata hatajua kwamba bei imebadilika. Chukua lita ya shilingi 300: VAT pekee ni kama shilingi 41. Kwa nyumba inayoishi kwa kibarua, hizo ni mboga za siku.

Hazina ya Kitaifa itasema pesa zitapungua. Zitapungua, sina ubishi. Ila serikali hujua kutafuta pesa za chakula kura zikikaribia. Mwaka wa 2017 unga wa kilo 2 ulishushwa hadi shilingi 90, na Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ukashushwa hadi 100. Wengi wetu tulizunguka maduka bila kuuona. Pesa za ruzuku zilipitia kwa wenye viwanda vya unga, kura zikapigwa, bei ikarudi juu. Ushuru ukiondolewa kisheria hauondoki na kura.

Hoja yao inayonisumbua ni moja, kwamba wafanyabiashara watakula punguzo lote. Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa kila kitu kilichotozwa kiwango hicho, ikarudishwa Januari 2021, na mimi sikumbuki bei yoyote ya dukani iliyoshuka. Lakini pointi 2 zilizotawanywa kwenye bidhaa zote ni rahisi kuzificha. Pointi 16 kwenye bidhaa moja ambayo kila mtu anaijua bei yake hazifichiki hivyo, hasa kwa watu wanaopima kila jioni na kulinganisha duka hili na lile.

Wala si jambo geni: Afrika Kusini mafuta ya mimea yamo kwenye orodha ya vyakula vya VAT sufuri, pamoja na unga wa mahindi na mkate wa kahawia.

 

Tahadhari moja, kwa sababu hapa ndipo tunapochezewa. Kusamehewa VAT ni tofauti na kutozwa kwa kiwango cha sufuri. Bidhaa ikisamehewa tu, mwenye kiwanda hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye umeme, mitungi na vifungashio, kwa hivyo anairudisha kwenye bei na sisi tunailipa bila kuiona. Ikiwa kwenye sufuri, anarudishiwa. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na Kamati ya Fedha huita maoni ya umma kabla ya sheria kuanza Julai. Mimi nitapeleka sentensi moja tu: mafuta ya kupikia ya mimea yaingizwe kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya VAT, lile la sufuri. Ukikubaliana nami, peleka yako pia, na uandike la Pili, kwa sababu la Kwanza ndilo la msamaha.